Jina Moja, Nywila Moja: Kuunganisha Kompyuta za Windows na Linux za Shule Chini ya Orodha Moja ya Watumiaji

Mada kwa semina ya walimu wa TEHAMA wa shule za sekondari



Shule ninayoizungumzia mnaijua. Nusu ya kompyuta za maabara ni za Windows, zilinunuliwa kwa fedha za shule. Nusu nyingine zililetwa na wafadhili zikiwa zimeshatumika, na mwalimu akaziwekea Ubuntu kwa kuwa haidai leseni. Kila mashine ina orodha yake ya watumiaji. Mwanafunzi aliyehifadhi kazi yake kwenye mashine ya dirishani hana budi kupigania dirisha kila kipindi, na siku mashine hiyo ikifa, kazi ya muhula mzima imekwenda nayo. Mwisho mwalimu anachoka, anafungua akaunti moja kwa darasa zima na kuandika nywila kwa chaki pembeni mwa ubao. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayejulikana ndani ya maabara. Kazi ya mwenzao ikifutwa, wote arobaini ni washukiwa.

Dawa yake ni orodha moja ya watumiaji, ikae kwenye seva, na kila mashine iulize huko kabla ya kumfungulia mtu. Wala si jambo jipya. Kerberos, mfumo unaothibitisha kuwa mtu ndiye, ulizaliwa katika Mradi wa Athena wa chuo cha MIT cha Marekani, ulioanza mwaka 1983, na tatizo lao lilikuwa letu hili hili: wanafunzi wengi, mashine za DEC na za IBM, na kila mmoja akae popote apate kazi yake. LDAP, lugha ya kuulizia orodha ya watumiaji, ilitoka Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993. Microsoft ilizichukua zote mbili, ikaziunganisha na DNS, na kuziita Active Directory ilipotoa Windows 2000.

Mkaidi ndiye anayeamua

Swali la kwanza ni seva ya aina gani. Wapenzi wa Linux watakwambia OpenLDAP au FreeIPA, na kama mashine zako zote ni za Linux, wafuate. Lakini Windows haiwezi kumwingiza mtu kwa LDAP tupu bila kuongezewa programu ya watu wengine, na programu hiyo itakusumbua kila Windows inapojisasisha. Linux ina unyenyekevu zaidi. Sehemu yake iitwayo PAM iliundwa ili njia ya kumtambua mtu ibadilishwe bila kugusa kitu kingine, na programu ya SSSD huiwezesha kuzungumza na Active Directory vizuri kabisa. Kanuni yangu basi ni kwamba katika mtandao mchanganyiko, mashine iliyo ngumu kubadilika ndiyo ichaguliwe seva ya kuifaa. Hapa mkaidi ni Windows, kwa hiyo seva izungumze lugha ya Windows.

Hilo halina maana ya kununua Windows Server. Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, imeweza kuwa seva kamili ya domeni tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012. Kompyuta ya kawaida iliyowekewa Debian inatosha kwa shule ya mamia ya wanafunzi. Aliyesomea vifaa vya Microsoft hatapotea, maana dirisha lile lile la kusimamia watumiaji kutoka kompyuta ya Windows linafanya kazi na Samba.

Tahadhari moja inawahusu wanaopokea misaada: Windows toleo la Home haiwezi kujiunga na domeni. Ziwe Pro, Education au Enterprise. Ulizeni kabla ya picha za makabidhiano kupigwa.

Jina la domeni nalo lina mtego. Miongozo mingi ya zamani hushauri kitu kama shule.local. Msifuate. Mwisho wa .local unatumiwa na utaratibu ambao Ubuntu na Mac hutumia kutafutana na kutafuta printa, na mashine zitaiona seva leo, kesho zisiione. Chukueni tawi la jina halali la shule chini ya .sc.tz, au .sc.ke kwa wenzetu wa Kenya. Kisha kila mashine iulize majina kwa seva ya Samba, isiulize ruta ya mtoa huduma wa intaneti. Seva yenyewe itapeleka nje maswali ya nje. Mashine ikikataa kujiunga, anzieni hapo, kwani mara nyingi imeiuliza ruta habari za domeni ambayo ruta haijawahi kuisikia.

Saa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika mazingira yetu ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Kerberos haipitishi nywila kwenye waya. Mtu akiingia hupewa tiketi, ambayo kwa kawaida ina uhai wa saa 10, na kuanzia hapo anaionyesha kwenye seva ya mafaili na kwenye printa bila kuulizwa tena. Tiketi hiyo imegongwa muhuri wa wakati. Saa ya mashine na saa ya seva zikitofautiana zaidi ya dakika 5, inakataliwa.

Sasa fikirieni kompyuta yenye umri wa miaka kumi, ambayo betri yake ndogo ya duara, CR2032, ilishakufa. Jioni swichi ya ukutani inazimwa. Asubuhi mashine inaamka ikiamini ni mwaka ilipoundwa. Mwanafunzi anaandika nywila sahihi, anakataliwa. Mwalimu anambadilishia nywila, bado anakataliwa. Watu wanailaumu Samba, wengine wanaing'oa, na kosa lilikuwa betri inayouzwa kwa fundi saa. Badilisheni betri zote kabla ya kugusa seva. Seva iwe ndiyo chanzo cha saa kwa programu ya chrony, na kwenye Linux chrony iruhusiwe kuruka moja kwa moja hadi wakati sahihi mashine inapowaka, isisogeze saa polepole. Intaneti ikikatika wiki nzima hakuna hasara. Seva iachwe itangaze saa yake yenyewe. Zikikosea zote kwa pamoja, Kerberos haina ugomvi nazo.

Mafaili nitayapitia haraka. Linux humtambua mwenye faili kwa namba, si kwa jina. Akaunti zinazofunguliwa kwa mkono kwenye kila mashine huzaa namba 1001 ya Asha hapa na 1001 ya Baraka kule, na mmoja anafungua kazi ya mwingine. SSSD hukokotoa namba kutokana na utambulisho ulioko kwenye seva, kwa hiyo mashine zote zenye mipangilio ileile hupata jibu moja. Mafaili yakae kwenye mashine nyingine, si kwenye seva ya domeni, na yatolewe kwa SMB kwa pande zote mbili.

Orodha ni ya mwalimu wa taaluma

Seva haijui nani ni mwanafunzi wa shule. Anayejua ni mwalimu wa taaluma, mwenye daftari la uandikishaji. Januari Kidato cha Kwanza wakiripoti, atoe orodha kama jedwali la CSV, na programu fupi iliyoandikwa mara moja iisome na kufungua akaunti zote kwa amri ya samba-tool. Jina la kuingilia liwe namba ya uandikishaji. Majina ya watu hayafai, darasa moja linaweza kuwa na akina Juma Hamisi watatu. Makundi yaitwe kwa mwaka wa kuingia, si kwa kidato, kwa sababu kidato hubadilika kila Januari ila mwaka wa kuingia haubadiliki kamwe. Anayehama afungiwe akaunti siku barua ya uhamisho inaposainiwa. Kufuta kusubiri.

Kuhusu nywila, Samba huja na masharti ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya shule: herufi zisizopungua 7, mchanganyiko wa aina za herufi, na kubadilisha kila siku 42. Siku 42 ni chini ya nusu ya muhula, na baada ya likizo ya Juni au Desemba darasa zima litakuta nywila zimekwisha muda. Tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila bila sababu. Ondoeni ukomo huo, ondoeni na sharti la mchanganyiko, mwongeze urefu ufike herufi 14. Maneno matatu manne ya Kiswahili yasiyohusiana yanakaa kichwani kuliko P@ssw0rd1. Mwalimu wa zamu apewe uwezo wa kuwabadilishia nywila wanafunzi tu. Nywila ya msimamizi mkuu asipewe.

Msijaze kwenye orodha hiyo tarehe za kuzaliwa wala simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inatuhusu, kama ile ya Kenya ya 2019 inavyowahusu wenzetu. Seva pia hutunza kumbukumbu za nani aliingia lini na wapi. Mkuu wa shule aamue mapema nani anaruhusiwa kuzisoma, kabla hajatokea mwalimu anayetaka kumfuatilia mwanafunzi mmoja.

Umeme

Pingamizi ninalolisikia kila mara ni kwamba seva ikizimika, shule nzima imefungiwa nje. Lina ukweli nusu. Windows hukumbuka watu 10 wa mwisho walioingia kwenye mashine hiyo, na SSSD hufanya hivyo ukiiruhusu. Mgeni kwenye mashine ndiye atakwama. Kwa hiyo wekeni seva ya pili ya Samba, hata kwenye mashine ya zamani. Zitanakiliana watumiaji zenyewe, ila folda ya SYSVOL mtainakili kwa rsync. UPS iwekwe kwenye seva na kwenye swichi ya mtandao pia, ambayo husahauliwa. Kila mashine ibaki na akaunti moja ya ndani ya fundi.

Chelezo ya domeni ichukuliwe kila Ijumaa kwa samba-tool, diski yake ikae ofisini kwa mkuu wa shule. Kila muhula irudishwe kwa majaribio kwenye mashine iliyochomolewa kebo ya mtandao, kwa maana ikiamka ndani ya mtandao ule ule itagombana na seva iliyo hai.