Fyuzi Hulinda Waya: Kuunganisha Amplifaya Nyingi, Spika na Sabufa Katika Magari ya Jinja na Mbale

Mada kwa semina ya mafundi wa umeme wa magari, Jinja

1. Utangulizi

Tunazungumza Kiswahili kwa kuwa karakana zetu zina Wasoga, Wagisu, Wateso na vijana waliovuka Busia na Malaba, na spana haina kabila.

Nimeombwa nieleze namna ya kuunganisha amplifaya zaidi ya moja katika gari. Kazi hii imeongezeka: taksi za abiria, malori ya matangazo, magari ya kampeni, na huko Mbale msimu wa imbalu, sherehe za tohara za Wagisu, katika miaka shufwa.

2. Maana ya maneno

Haya mnayajua, nitayapita haraka. Amplifaya hukuza sauti inayotoka kwenye redio. Spika hutoa sauti ya kati na ya juu, sabufa hutoa besi. Omu ni kipimo cha ukinzani. Sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba hutoa omu 2. Zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa omu 8. Arthi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari.

3. Hesabu ya mzigo

Tuchukue gari lenye amplifaya mbili. Ya sabufa inatoa wati 1,000 kwa ufanisi wa asilimia 80 hivi. Ya spika inatoa wati 300, na ufanisi wake ni karibu asilimia 55. Kwa volti 13.8, ya kwanza hudai takribani ampea 90 na ya pili ampea 40. Jumla ni 130 wakati muziki umefika kileleni. Muziki haukai kileleni muda wote, ndiyo maana alteneta huweza kuhimili, lakini waya lazima uchaguliwe kwa kilele.

Kwa mzigo huo natumia waya mkuu wa shaba wa milimita 35 za mraba, fyuzi ya ampea 150 karibu na betri, kisha kigawanyio chenye fyuzi kwa kila tawi. Tawi la sabufa ni waya wa milimita 25 na fyuzi ya 100. Tawi la spika ni waya wa milimita 8 na fyuzi ya 50.

4. Tatizo lenyewe: fyuzi iliyofungwa waya

Mada hii haikusudii kulaumu karakana yoyote. Hata hivyo, nimefundisha kazi hii kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta kila msimu ni lile lile: fyuzi kuu haipo, iko mbali na betri, au imekatika na fundi ameziba pengo kwa nyuzi za shaba. Nimekuta hata bolti imekaa mahali pa fyuzi.

Chanzo si uvivu. Tumefundishana vibaya. Fundi huamini kwamba fyuzi kuu inalinda amplifaya, na kwa kuwa amplifaya ina fyuzi zake ubavuni, ile ya karibu na betri huonekana ya ziada. Sivyo. Fyuzi za ubavuni hulinda amplifaya. Fyuzi kuu hulinda waya.

Tazameni njia ya waya huo. Katika taksi nyingi betri huwa chini ya kiti cha mbele, na amplifaya hukaa nyuma. Kati yake kuna mita nne hadi tano za waya zinazopita chini ya zulia, kando ya miguu ya chuma ya viti. Abiria wanapanda na kushuka, magunia yanaburutwa, ganda la waya linachubuka. Siku shaba itakapogusa bodi, waya umepiga shoti. Ukinzani wa njia nzima ukiwa omu 0.01, betri ya volti 12 inaweza kusukuma ampea 1,200. Umeme huo haufiki kwenye amplifaya, kwa hiyo fyuzi za ubavuni hazitajua lolote. Fyuzi ya 150 karibu na betri hukatika papo hapo. Bila hiyo, waya mzima unageuka kuwa koili ya jiko, na abiria wameukalia.

Niliitwa kukagua lori moja la muziki Mbale. Fyuzi ilikatika mara tatu kwa siku moja. Dereva alikuwa na haraka, tajiri alikuwa anapiga simu, na kijana wa karakana akazungushia fyuzi nyuzi za shaba. Jioni konda alisikia harufu ya mpira. Dereva alifungua terminali ya betri kwa spana namba 10 na akaungua kiganja. Lori lilipona. Nilipopima, nilikuta sabufa nne za omu 4 zimeunganishwa zote sambamba: omu 1, kwenye amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 2. Fyuzi ilikuwa imesema ukweli mara tatu, na mara tatu tukainyamazisha.

Kuna jambo la pili linalozidisha hatari. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, wenye ganda nene. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 61 hivi tu ya shaba. Fundi akichagua fyuzi kwa kutazama unene wa nje, ameweka fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya. Kwangua unyuzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo si shaba tupu.

Ndugu zangu wa Jinja, bwawa la Nalubaale lilizinduliwa hapa mwaka 1954. Hakuna laini ya umeme inayotoka pale bila kifaa cha kuikata ikipata hitilafu. Kanuni ni hiyo hiyo, ukubwa tu ndio unaotofautiana.

5. Mapendekezo

(a) Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri, ukifuata waya.
(b) Fyuzi ichaguliwe kwa uwezo wa waya, wala si kwa wati zilizoandikwa kwenye boksi.
(c) Kila mahali waya unapopungua unene, iwekwe fyuzi nyingine.
(d) Fyuzi isizungushiwe waya, kwa sababu yoyote, kwa ombi la mtu yeyote.
(e) Fyuzi ikikatika, tafuta sababu kabla ya kuweka mpya.
(f) Pima omu za sabufa kwa mita kabla ya kuziunganisha na amplifaya.
(g) Kwangua waya kabla ya kuununua.
(h) Waya unaopita kwenye tundu la bati uvishwe mpira, na upite mbali na miguu ya viti.
(i) Arthi iwe na unene sawa na waya mkuu. Rangi ikwanguliwe hadi chuma, na arthi za amplifaya zote zifungwe sehemu moja ili kuzuia mlio wa alteneta.
(j) Zikiwa amplifaya tatu au zaidi, waya wa kuziwasha upitie rilei, usiielemee redio.
(k) Waya wa sauti upite upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine.
(l) Karakana iwe na akiba ya fyuzi za ukubwa wote, ili haraka ya mteja isiwe kisingizio.
(m) Mwanafunzi afundishwe fyuzi kabla ya kufundishwa besi.
(n) Narudia (d): fyuzi isizungushiwe waya.

6. Hitimisho

Naelewa kwamba mteja hulipia sauti, na hakuna anayesifu fyuzi. Anayemwambia tajiri asubiri nusu saa huweza kupoteza kazi ikaenda karakana ya jirani. Ndiyo maana nawaomba tukubaliane wote, wa Jinja na wa Mbale, ili mteja akihama akute jibu ni lile lile. Na kesho asubuhi, kabla ya kupokea gari jipya, kila mmoja achukue utepe, afungue gari alilolifunga yeye mwenyewe, apime kutoka betri hadi fyuzi.