Kabla Hujanunua Pipa la Kupikia Pombe, Uliza Lilibeba Nini

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wodi na vikundi vya wafanyabiashara wadogo



Katika masoko mengi ya jua kali nchini, mapipa, mitungi na masufuria yaliyotumika hupangwa kando ya barabara yakingoja wateja. Wengi hununua pipa la kuwekea maji. Wengine hulinunua wakiwa na nia ya kuanza kutengeneza busaa, muratina au bia ya nyumbani, kwa kuwa vyombo vipya ni ghali. Kununua chombo cha mtumba si kosa. Hatari ni kukinunua bila kujua kilibeba nini.

Tuanze na sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, inakataza kutengeneza au kuuza kileo bila leseni. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti jukumu la leseni za vileo. Kwa hivyo safari ya kwanza si ya sokoni, ni ya ofisi ya leseni. Mtu akinunua vyombo kwanza kisha akanyimwa leseni, pesa zake zimepotea. Ofisi hiyo ndiyo itakayomweleza pia anachohitaji kutoka kwa KEBS kuhusu ubora na KRA kuhusu ushuru, kabla hajatumia hata shilingi moja.

Sasa twende kwenye pipa lenyewe. Mapipa ya plastiki yanayouzwa sokoni huenda yalibeba juisi au mafuta ya kupikia. Huenda pia yalibeba dawa ya kuulia wadudu, asidi au spiriti ya viwandani. Plastiki hunyonya kemikali. Sabuni huosha sehemu ya juu tu, na kilichozama ndani hutoka polepole na kuingia katika kinywaji, hasa kinywaji kichachu chenye kileo kinachokaa humo siku kadhaa.

Mwulize muuzaji pipa lilitoka wapi. Tafuta lebo ya awali. Ukiona alama ya fuvu, mwali wa moto au asidi inayodondoka, liache. Lebo ikiwa imekwanguliwa na muuzaji hajui historia yake, liache pia. Alama ya glasi na uma inaonyesha kuwa chombo kilitengenezwa kwa ajili ya chakula, lakini haionyeshi kilichotiwa humo baadaye. Pipa lisilo na harufu nalo si lazima liwe salama.

Vyombo vya chuma vina mambo yake. Chuma kisichoshika kutu, kile mafundi hukiita stenlesi, ndicho bora. Pipa au ndoo ya mabati haifai, kwa sababu uchachu wa pombe humomonyoa zinki, na zinki nyingi huleta kichefuchefu na kutapika. Rejeta ya gari isitumike kabisa: viungo vyake vinaweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru ubongo na figo.

Vipimo vya mtumba pia vikaguliwe. Haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, ikiwekwa katika maji safi yenye joto lililoandikwa juu yake, mara nyingi nyuzi 20, inapaswa kusoma 1.000. Kipimajoto kikiwekwa katika maji yanayochemka Mombasa kitasoma karibu nyuzi 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kitasoma nyuzi 94 hadi 95. Usikitupe ukidhani kimeharibika.

Plastiki yenye mikwaruzo huficha vijidudu, kwa hivyo isinunuliwe. Mabomba na mipira ya kuzibia ibadilishwe. Kila chombo kisuguliwe kwanza, ndipo kiuliwe vijidudu, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Anayetumia jiki asiichanganye kamwe na siki au asidi ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Chupa za kioo zisizibwe kabla pombe haijamaliza kuchacha. Gesi ikizidi, chupa hupasuka na vipande vyake vinaweza kupofusha mtu.

Nafaka nayo ni sehemu ya usalama. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachishwa, ukakaangwa, kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi. Wapo wanaopeleka mahindi yaliyoota ukungu kwenye pombe ili yasipotee bure. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kukaanga na kuchemsha hakuimalizi sumu hiyo. Mahindi yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa pombe.

Jambo kubwa zaidi ni methanoli. Pombe ya nafaka iliyochachishwa vizuri huwa na methanoli kidogo sana. Mara nyingi vifo vya halaiki hutokana na methanoli ya viwandani iliyoongezwa ili pombe iwe kali. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe ya aina hiyo. Mei 2014, Embu, Kiambu, Kitui na Makueni zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizozika watu wao. Mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vidogo, zinaweza kupofusha. Pipa lililobeba methanoli likabaki na kiasi kidogo chini ni hatari ile ile.

Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24. Mnywaji huamka akidhani ni uchovu wa pombe, kisha macho huona ukungu, kichwa na tumbo huuma, na pumzi hubadilika. Asiachwe alale ili "iishe". Apelekwe hospitalini mara moja, na wote waliokunywa naye waende hata kama wanajisikia vizuri. Matibabu yapo, na hufaa zaidi mgonjwa akifika mapema. Familia isifiche kilichonywewa kwa kuogopa polisi, kwa sababu daktari anahitaji kujua ndipo atibu.

Kwa anayefikiria kuanza, utaratibu ni huu: leseni kwanza, chombo baadaye, na Afisa wa Afya ya Umma wa wodi akione chombo hicho kabla ya matumizi. Mwenye pipa asilolijua historia yake asilitumie kwa pombe, wala kwa maji ya kunywa, wala kuhifadhia nafaka.