Haki ya Mnyama Mgonjwa



 Nimetakiwa niseme machache juu ya sadaka. Tumezoea kukumbushana habari za mayatima, wajane na madrasa, na huo ni wajibu usiopingika. Leo nataka kuwasemea wasioweza kuinua mkono wakaomba: punda wa mkokoteni, ng'ombe wa kulimia, na paka wa sokoni.

Nina ungamo moja. Nilipata kumpita punda aliyelala kando ya njia, tumbo limemvimba, jasho likimtoka. Nikajisemea kwamba mwenyewe atakuja. Niliporudi jioni, alikwisha kufa. Kumbe mwenyewe alikuwapo pale tangu asubuhi. Alichokosa ni fedha za kumwita daktari wa mifugo.

Ndugu zangu, msokoto mkali wa tumbo waweza kumwua punda kwa muda wa saa chache. Pepopunda ikisha kumshika, mara nyingi hufa. Maradhi hayangoji mchango wa Ijumaa. Fedha zinazoanza kutafutwa mnyama akiwa chini, mara nyingi hufika kumlipa mchimba shimo.

Wala hatuna udhuru wa kutojua. Tangu chuoni tumesoma habari za mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, na za mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa, akaadhibiwa. Mwanachuoni Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 1262, amebainisha kwamba mwenye mnyama yampasa kumgharimia hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na faida tena. Basi mwenyewe akiwa hana kitu, nani ataulizwa kama si jamaa zake?

Labda mtu atauliza: Je, tutoe katika zaka? Zaka ina mafungu yake manane, na mnyama hamo. Mwenyewe akiwa maskini aweza kupewa. Lakini kwa mnyama, mlango ulio wazi ni sadaka na wakfu.

Tutazame waliotangulia. Baada ya vita vya 1914–1918, farasi wengi wa jeshi la Waingereza waliuzwa Misri, wakafanyishwa kazi ngumu mpaka uzeeni. Mwaka 1931 Bibi Dorothy Brooke aliandika barua katika gazeti la London kuomba msaada. Fedha zikaja, farasi wapatao 5,000 wakanunuliwa. Lakini wengi walikwisha kudhoofu mno, na lililobaki lilikuwa kuwapumzisha na maumivu. Kwa hiyo mwaka 1934 akafungua Cairo hospitali ya kudumu, ya kuwatibu bure wanyama wa maskini. Na karibu nasi, Lamu, kituo cha kuwatunza punda kilifunguliwa mwaka 1987, wenye punda wakatibiwa wanyama wao bila malipo.

Sisi wa mpakani tuna sababu moja zaidi. Mbung'o wa nchi yetu huchukua vijidudu vya malale kwa ng'ombe na kuvitia kwa watu. Na kwa ajili hiyo mwaka 2006 Uganda ilianza kampeni ya kuwatibu ng'ombe ili kuwaokoa watu. Amtibuye mnyama humkinga jirani yake.

Basi naleta shauri langu. Kwanza, tuwe na mfuko wa dharura, wenye wadhamini kutoka Busia na Tororo, na hesabu zisomwe hadharani kila mwaka. Pili, tupatane mapema na daktari wa mifugo juu ya malipo yake, ili aitwapo usiku aje kwanza, alipwe kesho. Tatu, tutenge uga mmoja wenye kivuli na maji, walazwe wagonjwa na wasio na mwenyewe. Nne, mwenye duka au chumba cha kupangisha aweke wakfu sehemu ya kodi yake, ijapo ndogo, ili mfuko usikauke.

Yule punda sikumfaa kitu. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na atuwafikishe sote tusimpite mwingine.