Sodiamu Haitoi Zawadi: Namna ya Kumwanzishia Mwanafunzi Somo la Bondi za Kemia



Miaka yangu ya mwanzo darasani nilifundisha bondi za kemia kwa mfano wa ndoa. Bwana Sodiamu ana elektroni moja asiyoihitaji, Bibi Klorini amepungukiwa moja. Bwana anatoa mahari, bibi anapokea, wanaoana na kuitwa chumvi. Darasa lilicheka, nami nikajiona fundi. Siku moja binti wa dawati la mbele akauliza: "Mwalimu, nikiimega punje ya chumvi, sodiamu wa pale nilipomega anabaki na mke yupi?" Sikuwa na jibu. Mada hii ndiyo jibu lenyewe, limechelewa miaka kadhaa.

Tuanze na atomu. Katikati kuna kiini chenye chaji chanya. Elektroni, zenye chaji hasi, zimekizunguka kwa matabaka. Sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa 2, 8, 1. Klorini ina 17: 2, 8, 7. Mwaka 1916 Gilbert Lewis wa Marekani na Walther Kossel wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba atomu nyingi zikishaungana huwa na elektroni 8 kwenye tabaka la nje, kama zilivyo gesi adimu za neoni na agoni. Kanuni hiyo inasaidia kuhesabu, na watunga mitihani wanaipenda. Ila haisemi kwa nini. Atomu haina moyo wa kutamani namba 8.

Sababu tunaipata kwenye hesabu. Chukua gramu 23 za sodiamu zikiwa mvuke. Kung'oa elektroni moja kutoka kila atomu hugharimu kilojuli 496. Kwa hiyo sodiamu haitoi zawadi; inanyang'anywa. Atomu za klorini zikizipokea elektroni hizo, zinarudi kilojuli 349 tu. Mpaka hapo tuna hasara ya kilojuli 147, na mfanyabiashara mwenye akili angefunga duka. Faida inakuja pale ioni chanya za sodiamu na ioni hasi za klorini zinapovutana na kujipanga pamoja: hutoka kilojuli 787. Mvutano huo ndio bondi. Kuhama kwa elektroni ni maandalizi yake.

Na mvutano hauchagui mwenzi. Ndani ya chumvi kila ioni ya sodiamu ina majirani 6 wa klorini: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Kila ioni ya klorini nayo ina majirani 6 wa sodiamu. Mpangilio huo ulifichuliwa kwa eksirei mwaka 1913, katika kazi za William Bragg na mwanawe Lawrence. Basi yule binti alikuwa na haki ya kushangaa. Hakuna mke wala mume. Ni mtaa mzima ulioshikana, na fomula ya NaCl inataja uwiano tu.

Hili linaonekana kwa macho. Twaa jiwe la chumvi ya mawe, weka ncha ya kisu sambamba na upande wake ulio bapa, gonga kwa nyundo. Linapasuka na kuacha uso mwingine bapa unaong'aa. Kipigo kimesogeza tabaka moja hatua moja: chanya imekutana na chanya, hasi na hasi, zikasukumana.

Kisha weka kijiko cha sukari na kijiko cha chumvi juu ya jiko la mkaa. Sukari itayeyuka na kugeuka kahawia. Chumvi itatatarika tu, maana kuiyeyusha kunataka nyuzi 801 za Selsiasi. Sukari imeundwa kwa molekuli. Ndani ya molekuli, viini viwili vinavuta jozi ileile ya elektroni, kama watu wawili wanaochangia sahani moja, na bondi hiyo ni imara kabisa. Kilicho dhaifu ni mshiko kati ya molekuli na molekuli, nao ndio unaoachia kwanza.

Maji nayo ni ya ukoo huo, ila oksijeni huvuta jozi kwa nguvu zaidi kuliko hidrojeni, ikapata uhasi kidogo. Ndiyo maana molekuli za maji huzingira ioni za chumvi na kuzitenganisha, nazo zikishakuwa huru hubeba umeme. Betri tatu na taa ndogo zitawaonyesha wanafunzi tofauti ya maji ya chumvi na maji ya sukari. (Walimu wa pwani, tumieni maji ya mvua, ya kisima huenda yakawasha taa kabla hamjatia kitu.)

Waya wa shaba ni habari nyingine: elektroni za nje hazina mwenyewe, zinazurura kati ya ioni zote na kuzishikanisha.

Kosa moja bado tunalirudia sana, kwamba kuvunja bondi hutoa nishati. Kuvunja hugharimu, daima. Joto la mkaa linatoka kwenye bondi mpya za kaboni na oksijeni. Moto wa kiberiti ni kiingilio tu.

Jiwe lililo mezani nimelinunua sokoni asubuhi hii. Aliyekaa karibu na nyundo aanze.