Maharage Makavu: Kuyaloweka na Kuyachemsha Ipasavyo



Wako wanaoyaepuka maharage kwa kuchelea tumbo kujaa gesi. Tungependa kueleza chanzo cha usumbufu huo, pamoja na hatari nyingine iliyo kubwa zaidi.

Maharage yana aina za sukari zisizomeng'enywa katika utumbo mwembamba. Zifikapo katika utumbo mpana, bakteria huzichachua, na ndipo gesi hutokea. Sehemu ya sukari hizo huyeyuka majini. Kwa hiyo tuyachambue maharage, tuyaoshe na kuyaloweka usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi tuyamwage maji hayo na kupikia mapya.

Hata hivyo, kuloweka peke yake hakutoshi. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Hata punje tano zisizoiva zaweza kumfanya mtu atapike na kuharisha saa chache baada ya kula. Sumu hiyo huharibiwa na maji yanayotokota, wala si kwa moto hafifu. Basi tuyatokose maharage kwa dakika 30 kamili kabla ya kupunguza moto au kuihamishia sufuria katika kikapu cha kutunzia joto, kisha yaendelee kuiva hadi yabonyee kwa vidole bila kiini kigumu.

Magadi huharakisha kulainika, lakini hupunguza vitamini B1. Mpishi aliyeloweka maharage yake mapema hana haja kubwa nayo.