Sikiliza Kitabu, Hoji Chakula

Leo tunazungumzia vitabu vya sauti, hasa vile vinavyohusu chakula, lishe na siasa za kilimo.

Kitabu cha sauti ni kitabu kilichosomwa kwa sauti kikarekodiwa, ukakisikiliza kwa simu. Mama anayechambua mchele, kijana anayepalilia, dereva aliyebeba magunia ya mahindi: mikono yao imeshikwa na kazi, masikio yao yana nafasi. Hao ndio wanaotulisha. Basi elimu ya chakula iwafikie wao kwanza.

Kitabu cha kwanza kinatupeleka Chicago, Marekani. Mwaka 1904 mwandishi Mmarekani Upton Sinclair alikaa wiki kadhaa katika mitaa ya viwanda vya nyama vya mji huo. Mwaka 1906 ikatoka riwaya yake, The Jungle. Nia yake ilikuwa kuonyesha mateso ya wafanyakazi wahamiaji. Wasomaji wakashtushwa zaidi na habari za nyama chafu iliyokuwa ikifika mezani kwao. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo, Rais Theodore Roosevelt alisaini sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama na nyingine ya usafi wa vyakula na dawa. Mlaji akapata kinga. Mfanyakazi, aliyeandikiwa kitabu chenyewe, sheria hizo hazikumwongezea hata senti. Kwa hiyo, unaposikiliza habari ya mageuzi ya chakula, uliza: nani amefaidika, na nani amesahaulika? Riwaya hii unaweza kuisikiliza bure kupitia LibriVox, mradi wa wasomaji wa kujitolea ulioanza mwaka 2005.

Kitabu cha pili ni The Omnivore's Dilemma cha mwandishi Mmarekani Michael Pollan, kilichotoka mwaka 2006. Pollan anafuata mlo kutoka sahani hadi shambani, na safari inamfikisha kwenye mahindi ya jimbo la Iowa. Anamtaja Earl Butz, waziri wa kilimo wa Marekani miaka ya 1970, aliyewahimiza wakulima wazalishe kwa wingi kadiri wawezavyo. Mahindi yakafurika, bei ikashuka. Yakalishwa ng'ombe waliofungiwa mazizini, ingawa tumbo la ng'ombe limeumbwa kwa majani. Yakageuzwa pia sharubati ya kutia utamu, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 kampuni kubwa za soda nchini humo zilikuwa zimeacha sukari zikaitumia sharubati hiyo. Uamuzi wa ofisini ulifika mpaka ndani ya chupa ya mtoto.

Msikilizaji, mahindi hayo asili yake ni bara la Amerika, na leo ndiyo ugali wetu. Siasa zake nazo tunazo. Mwaka 2017, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Kenya ilitoa ruzuku, pakiti ya unga ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90. Mnunuzi wa mjini alishusha pumzi. Lakini mkulima anayesubiri kuuza mavuno yake kwa bei nzuri ana hesabu nyingine, na hesabu hiyo nayo isikilizwe.

Sasa, tusikilizeje? Sikiliza sura moja, simamisha, kisha msimulie mwenzako ulichoelewa. Takwimu ziandike, kwa sababu sikio halirudi nyuma kama jicho. Usikubali hoja kwa kuwa sauti ya msomaji ni tamu. Utamu wa sauti si ushahidi.

Zaidi ya yote, jua kitabu kinamsemesha nani. Mwandishi wa Marekani anaposhauri watu wapunguze nyama, anawaambia wanaoila karibu kila siku. Mtoto wa miaka miwili anayekunywa uji mtupu wa mahindi asubuhi na jioni ana tatizo lililo kinyume kabisa. Protini ya mahindi ina upungufu, na uji wake una madini ya chuma kidogo. Huyo anahitaji maharage, dagaa, yai na mboga za majani. Ushauri unaomfaa mtu mmoja unaweza kumdhuru mwingine.

Vitabu vingi vya aina hii vimesomwa kwa Kiingereza. Nawaomba wachapishaji na watangazaji wetu waandike na kurekodi kwa Kiswahili vitabu kuhusu kahawa ya Kilimanjaro, karafuu za Pemba, mpunga wa Mbarali na chai ya Kericho: nani analima, nani anapanga bei, nani anashiba. Nawe, msikilizaji, wiki hii chagua chakula kimoja unachokula kila siku, uulize kilitoka wapi na bei yake ilipangwa na nani. Jibu utakalopata, wafundishe wa nyumbani kwako.