Mdhamini Wako ni Nani?



Ukipita Mwembe Tayari jioni, pale kwenye mabasi, utamsikia mhubiri na kipaza sauti chake akisema Yesu amekulipia. Wengi wenu mnacheka, mnapita. Hebu elewa kwanza anasema nini.

Biblia ya Kiswahili, Waebrania 7:22, inamwita Yesu mdhamini. Neno hilo Mombasa twalijua sana. Kijana akikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya dhamana, na mamake anazunguka mtaa mzima kutafuta mtu wa kumsimamia kortini. Mkristo anaona hivyo hivyo: dhambi ni deni lisilolipika, akaja mmoja akasimama kwa hiari yake. Kwake si mzaha, ni tumaini la kufa nalo.

Dhamana kwetu pia ipo. Mtume (s.a.w.) aliletewa maiti mwenye deni la dinari tatu, hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Iko kwa Bukhari. Lakini hilo ni deni la watu. Dhambi ni jambo jingine: Surat Fatir, aya ya 18, imekata kwamba nafsi haibebi mzigo wa nyingine, hata wa jamaa. Ezekieli 18 nayo iko karibu na hapo. Jirani atakujibu kwamba Yesu hakulazimishwa, alijitolea. Msikilize. Kisha mwambie kwetu Adam alitubia akasamehewa, na wanawe hawakurithi deni.

Linaloniuma mimi ni letu wenyewe. Barobaro haswali, anadhulumu watu, ukimuuliza asema, "Mtume atatuombea." Si ameshajiwekea mdhamini huyo? Shafaa ni haki, twaiamini, ila ni kwa idhini ya Allah. Mtume alimwambia Fatima, bintiye wa kumzaa, aombe mali yake atakayo, lakini mbele ya Allah hatamfaa kitu. Wewe wa Majengo unamshinda Fatima kwa lipi?

Na yule mhubiri, Kifungu cha 32 kinamlinda kama kinavyokulinda wewe. Hapo hapo Mwembe Tayari, 1992, Sheikh Khalid Balala alikuwa akihubiri, mwaka huo huo serikali ikamkamata. Twajua kunyamazishwa kulivyo. Kwa hivyo kipaza sauti cha mtu msikiguse.

Haya, mwenye swali anyanyue mkono.